Majina Niliyoyatia kwenye Mashini

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu, 2003

Fishi nne leo, mwanamke mmoja kwa kila karatasi. Ningemaliza sita, lakini moteri ya umeme ilizimika mara mbili na ukurasa ukapotea. Kuanza upya. Baridi kali. Ukungu haukutoka Butembo mpaka saa tano. Vidole vimekufa ganzi.

Nimechoka na ile fomu. Kila kisanduku chenye nyota nyekundu lazima kijazwe. Jina, jina la baba, kijiji, mahali anapolala sasa, umri, siku ilipotokea, nani alifanya, alifanya nini, majibu ya damu. Ukiacha kimoja, ukurasa wote unakataa. Wafadhili wa Ulaya ndio waliouweka kwenye interneti. Kila mwanamke anayefika kwenye Nyumba yetu ya Kusikiliza lazima aingizwe humo, ndipo dawa zinatumwa. Bila fishi, hakuna dawa. Mama Georgette, mkubwa wetu, alinichagua mimi juu nilikuwa sekretari wa shule. Nyumba haina interneti. Donc kila asubuhi nabeba fishi za karatasi ndani ya kikapu, chini ya majani ya sombe, mpaka kwa Kambale, mwenye cyber karibu na soko.

Mchana alikuja mwanamke kutoka Mbau. Jina lake siliandiki hapa. Daftari hili linalala chini ya godoro, lakini hata hivyo. Miaka ishirini na sita. Alikuwa kwenye shamba la kakao. Askari watatu. Wengine wote wananiambia "askari", basi. Yeye alimtaja mmoja kwa jina: komanda wa kambi ya kwao, mtu aliyekwisha kula nyumbani kwake. Sasa yuko Beni kwa shangazi yake. Mumewe anafikiri anauguza mgonjwa. Mtoto wao wa kike, miaka mitatu, amebaki na baba.

Alinishika mkono. "Bwana yangu asijue, mama. Akijua, ataniacha."

Nilimwambia ni kati yake, mimi na Mungu.

Jumatano, tarehe 5

Siku ya Majivu. Nilitoka misa na kwenda moja kwa moja kwa Kambale, paji la uso jeusi.

Kabla ya hapo nilimwomba Mama Georgette ruhusa ya kuandika namba mahali pa majina. Alikataa. "Bailleur yule wa Ulaya anataka majina. Bila majina atasema tunaandika batu ya uongo." Nikajaribu bila ruhusa. Niliandika 14, namba ya yule wa Mbau. Kisanduku kikawa chekundu. Niliandika Mama, kikawa chekundu. Ukurasa unataka majina mawili kamili. Kambale alikuwa anapita nyuma yangu, nikafunika kioo kwa mkono kama mwanafunzi anayeficha mtihani.

Mwishowe nikaandika jina lake. Na la komanda. Na yote aliyonieleza.

Jina la baba yake nimelikosea. T mahali pa K. Niliona baada ya kubonyeza. Ukurasa ukishatumwa haurudi. Nikajiambia herufi moja haina neno.

Ijumaa, tarehe 7

Mvua. Fishi tatu.

Kwenye mashini yangu anakaaka pia sekretari wa etat-major, ofisi ya wakubwa wa jeshi hapa mjini. Kwa Kambale kuna mashini nne, lakini ni hii tu ambayo herufi zake zote zinafanya kazi. Mtu mpole. Shati limepigwa pasi, mfuko wa ngozi kwapani. Mimi nikiamka kitini, yeye anakaa. Kiti hakijapoa bado.

"Bonjour, mama. Kazi inaendelea?"

"Inaendelea, papa."

Simpendi. Hajanifanyia lolote.

Jumanne, tarehe 11

Sitaki kuandika leo. Naandika hata hivyo.

Kambale alinisubiri mlangoni. Huyu ni mtu mzima, alikuwa fundi wa redio kabla ya vita, hana mchezo. Alifunga mlango na kuniketisha.

"Mama Kavugho, ile siku ya kwanza, mashini haikukuuliza kitu?"

Iliniuliza. Nakumbuka. Kidirisha kidogo cha Kifaransa: je, nikumbuke neno la siri? Nilibonyeza Oui. Nilitaka kiondoke mbele yangu nifanye kazi. Sikusoma hata mara mbili.

Akanionyesha. Alifungua pale ambapo mashini inaweka orodha ya kurasa zilizotembelewa. Ukurasa wetu ulikuwa wa kwanza. Akabonyeza. Jina la Nyumba yetu likajiandika lenyewe. Neno la siri likajijaza lenyewe, vidoti vinane vyeusi. Akabonyeza tena na mlango ukafunguka. Wote walikuwa humo. Wanawake wangu wote, kumi na saba, mmoja chini ya mwingine, na vijiji vyao.

Juu ya ukurasa kuna maandishi madogo ambayo sijawahi kuyatazama. Yanaonyesha mara ya mwisho ukurasa ulipofunguliwa. Jumapili, saa tisa mchana.

Jumapili saa tisa nilikuwa kwa mama yangu, tunamenya maharage.

Nilimuuliza Kambale nani alikaa hapo Jumapili. Hajui. Jumapili mkewe ndiye alikuwa kwenye cyber, na watu walikuwa wengi. "Ni mutu yeyote tu, mama. Mutu yeyote angeweza."

Akafuta kila kitu mbele yangu. Alifuta kwa bidii, kama mtu anayeosha sufuria ambayo chakula chake kimekwisha kuliwa.



Jumatano, tarehe 12

Nilimweleza Mama Georgette. Alisikiliza, kitambaa mdomoni. Halafu akasema nisiambie mtu. Wafadhili wakisikia watafunga mradi, na dawa za kuzuia ugonjwa zinatakiwa kumezwa kabla ya siku tatu, na wanawake wanakuja kila wiki. Si mtu mbaya. Ameuza nguo zake mwenyewe ili Nyumba ikae wazi. Ndiyo sababu sikubishana naye.

Tulibadilisha neno la siri. Nikaandika Ulaya, barua ndefu kwa Kifaransa changu cha shule. Toeni majina. Tafadhali, toeni majina leo. Jibu lilikuja dakika ile ile: asante, ujumbe wako umepokelewa. Nilifurahi. Kambale akanieleza kwamba hakuna mtu aliyeandika jibu hilo. Mashini ya kule inajijibu yenyewe.

Paluku, mume wangu, anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja, Butembo mpaka Kasindi. Kesho kutwa anashuka. Nitapanda naye mpaka Beni.

Nimemweleza Paluku yote. Alitoka kwenda kutazama matairi.

Ijumaa, tarehe 14. Beni

Tulikwama mara tatu kwenye matope. Beni joto. Nilifika nikiwa na sweta la Butembo, nikinuka mazuti ya lori.

Nyumba ya shangazi iko nyuma ya soko. Nilipobisha, shangazi mwenyewe alichungulia kwanza kwenye ufa. Nilipotaja Nyumba ya Kusikiliza hakunikaribisha. Alinieleza nikiwa nimesimama.

"Batu babili balikuja juzi. Balivaa civil, hapana nguo ya askari. Balikuwa na karatasi, bakasoma jina. Mais jina la baba yake balilisoma mubaya. Hapa kwetu hapana mutu anamuitaka vile."

Nikamwuliza walilisomaje.

Alilisema. Na T yangu.

Mpaka pale nilikuwa bado na tumaini dogo, la aibu, kwamba labda jirani alisema, labda askari mmoja alijisifu baa. Lakini hiyo T haipo popote duniani ila kwenye ukurasa ule. Ni mimi.

Yule wa Mbau alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, nywele hazijasukwa. Siku ile alikuwa mtoni, ndiyo maana hawakumpata. Kutoka hapo walikwenda Mbau. Walimwita mumewe kambini na kumsomea karatasi, mstari kwa mstari. Halafu wakamuuliza ni kwa nini mkewe anamchafulia jina komanda. Mume alimtuma mdogo wake Beni na ujumbe: asirudi, na mtoto hamtoi.

"Nilikuambia paka weye, weye tu," akaniambia. "Hata shangazi sikumwambia yote. Paka weye."

"Najua."

"Ni weye uliwapa?"

"Hapana. Niliacha mlango wazi. Sikujua kama uko wazi. Mais ni mimi niliuacha."

Alifikiri. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na niliona aibu, juu kilio hakikuwa changu.

"Balimusomea yote? Na ile nilikuambia kwa sauti ya chini?"

Ile pia nilikuwa nimeiandika. Kulikuwa na kisanduku chake.

Jumamosi, tarehe 15. Beni

Hawezi kubaki hapa. Watu wale walimwambia shangazi watarudi. Ana dada wa mama yake ng'ambo, upande wa Uganda. Lazima apite Kasindi. Na kwenye kila bariera ya askari kuna daftari la majina ya watu wanaotafutwa.

Paluku ndiye aliyesema. Mtu asiyesema kitu tangu Jumatano. "Umupe karti yako."

Karti yangu ya kitambulisho. Picha imefifia, ililowa mwaka juzi, uso unaonekana kama wa mtu yeyote. Urefu wetu unakaribiana. Nilimfundisha asubuhi nzima. Jina langu, jina la baba yangu, kijiji changu, mwaka niliozaliwa, jina la mume: Paluku. Shangazi alikuwa anauliza kama askari, yeye anajibu. Alikosea mara moja tu. Nilimvisha sweta langu na kitambaa changu cha kichwa.

Alikuwa ananitazama usoni wakati wa kujifunza. Si kwa chuki. Kama mtu anayesoma.

Waliondoka saa nne. Alikaa mbele na Paluku, mahali nilipokaa jana. Hakuaga.

Aliuliza kitu kimoja tu, mguu ukiwa tayari juu ya ngazi ya lori. Kama mtu atapita Mbau, amtazame mtoto wake, hata kwa mbali. Shangazi alisema ndiyo. Sote watatu tulijua kwamba hakuna atakayethubutu.

Jumapili, tarehe 16. Beni

Kungoja. Sikwenda misa. Bila karti siwezi hata kuvuka mji.

Shangazi alinipa ugali na samaki wa chumvi. Hakula nami. Alikaa mlangoni, mgongo kwangu.

Jumatatu, tarehe 17

Paluku amerudi. Yule wa Mbau alivuka.

Kulikuwa na bariera tatu. Kwenye ya pili walimshusha. Askari alipitisha kidole kwenye daftari, polepole, akisoma kwa midomo. Akamuuliza jina. Alijibu langu. Akamuuliza ana watoto wangapi. Hilo tulisahau kumfundisha. Alisema mmoja, wa kike, miaka mitatu. Askari akarudisha karti.

Mimi na Paluku hatuna mtoto. Alinisimulia hilo akitazama barabara.

Kasindi alishuka kwenye foleni ya malori na kwenda kwa miguu, katikati ya wanawake wenye vikapu vya vitunguu. Paluku alimtazama mpaka akapotea. Halafu hakuna habari tena.

Nimerudi Butembo ndani ya mizigo, chini ya turubai. Sina kitambulisho sasa. Sawa.

Jumatatu, tarehe 24

Sijaandika wiki nzima. Nilikuwa natembea.

Nimekwenda kwa wengine, mmoja mmoja. Mama Georgette alinikataza, nikaenda. Kumi na mmoja nimewapata. Wengine ni mbali, au wamehama, au nyumba imechomwa.

Nilisema maneno yaleyale kila mahali. Majina yenu yalionekana. Sijui na nani. Ni kosa langu. Kama mna mahali pa kwenda, mwende.

Mmoja alifunga mlango kabla sijamaliza. Mmoja alinipiga kofi, halafu akaomba radhi, halafu akanipiga tena. Mmoja alifunga vitu vyake wakati bado nasema, sufuria, mkeka, mtoto mgongoni, akapita mbele yangu bila kuuliza neno. Mama mmoja mzee wa upande wa Lubero alicheka. "Mi yangu yote wanaijua, mwanangu. Walifanya mbele ya kanisa." Akanipa maparachichi.

Hakuna aliyeniambia asante. Sikutaka.

Jumanne, tarehe 25

Jibu limekuja kutoka Ulaya. Safari hii limeandikwa na mtu. Kifaransa safi, cha upole. Wanasikitika sana. Majina hayawezi kutolewa kwa sasa, juu ripoti ya robo mwaka imekwisha tumwa na hesabu lazima zilingane. Lakini wameboresha fomu. Wameongeza kisanduku kipya mwishoni, chenye nyota nyekundu. Mwanamke ataweka alama kwamba amekubali habari zake zihifadhiwe.

Nilisoma mara tatu. Nikamsomea Kambale. Alizima mashini kwa kidole na kutoka nje kuvuta sigara.

Ijumaa, tarehe 28

Nimekutana na yule sekretari wa etat-major mbele ya soko. Shati lilelile, mfuko uleule.

"Bonjour, mama. Hatukuoni tena. Kazi inaendelea?"

Nilimtazama macho. Yalikuwa macho ya mtu anayesalimia. Labda ni yeye. Labda hajui lolote, anaandikia watoto wake Kisangani, basi. Nilitaka kumrukia. Nilisema inaendelea, papa. Nikaenda zangu.

Sitajua. Nimeanza kuelewa hivyo. Hata vita ikiisha, sitajua.

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa nne

Hakuna anayekuja. Wiki ya pili. Habari imezunguka, na ni mimi niliyeizungusha. Viti vimepangwa, thermos ya chai imejaa, mlango wazi. Mama Georgette anapangusa meza ambayo haina vumbi.

"Umevunja nyumba," aliniambia. Bila kelele. "Ulikuwa na haki. Mais umeivunja."

Dawa zilizobaki zinaisha muda wake mwezi wa saba. Zipo mbele yetu kwenye kabati. Na kule Mbau na Oicha mambo hayajaacha kutokea. Wanawake wanakaa nayo nyumbani tu, siku tatu zinapita.

Nimewaza kuondoka. Sijui kwenda wapi.

Ijumaa, tarehe 11

Leo amekuja mmoja.

Alikuwa mlangoni nilipofika, amekaa juu ya dumu lake la maji, miguu imevimba. Ametembea siku mbili. Mama wa miaka arobaini na kitu, Mprotestanti, anaimba kwenye kwaya ya kanisa lao. Alinieleza hilo kwanza, kabla ya yale mengine. Mama Georgette alimletea chai na kutuacha.

Nilimsikiliza. Sikuchukua fishi wala kalamu. Mikono yangu niliiweka juu ya magoti ili aione.

Alisema karibu saa nzima. Alitaja mahali, alitaja siku, alitaja majina ya watu wawili na la baba ya mmoja wao. Kila akitaja jina alinyamaza kidogo, akinipa nafasi. Mwishowe akauliza:

"Hauandike?"

"Hapana, mama. Hatuandike tena. Ni juu ya kukulinda."

Nilimweleza. Mashini, orodha, mwanamke wa Mbau bila jina lake. Alisikiliza vizuri, kichwa kimeinama, kama mtu aliye kanisani. Nilipomaliza alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu.

"Nimeelewa. Mais miye nilitembea ili iandikwe. Bwana yangu balimuua siku ile. Batoto siko nabo. Nikikufa, ile kitu haikufanyika. Nani atajua?"

Nilitazama rundo la fishi tupu, na sikulichukua.

Siku zake tatu zilikuwa zimepita, dawa ile kubwa haikumfaa tena. Nilimpa za maumivu, na za vidonda vya miguu. Alizifunga kwenye pembe ya kitenge. Alikubali kulala kwetu, kwa mama, na kuondoka asubuhi.

Sasa yuko jikoni na mama yangu. Wanachambua sombe. Mama anamuuliza habari za mashamba ya kwao, kama mvua imenyesha, kama muhogo umeoza. Anajibu. Imenyesha. Umeoza kidogo, upande wa bondeni.